Kabla ya Kutuma Tena

Mwanangu, siku mama yangu alipotamka jina la baba naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu mwenyewe.

Ilikuwa mwaka wa sabini na mbili, hapa Rumonge, kando ya ziwa. Watu walikuwa wanakamatwa na askari wasionekane tena, na baba alikuwa amepita ziwani kwa mtumbwi kukimbilia upande wa Kigoma, nchi jirani. Tukasikia anajiandaa kurudi kutuchukua. Angerudi, asingefika nyumbani. Mama akamtumia neno: asirudi, sisi tutamfuata.

Barua hakuna aliyethubutu kuandika. Habari za mtaa wetu zilipitia kwa Bibi Mwajuma, mpika mawese, aliyezihifadhi kichwani na kuwapa wavuvi aliowaamini.

Majibu hayakuja. Mimi, msichana mwenye pupa wakati ule (na hata sasa sijapona), nikamwambia mama tumpe ujumbe kila mvuvi tutakayemkuta ufukweni. Bibi akatusikia, akaweka mwiko chini.

"Munataka ziwa yote ijue mutu wenu iko wapi?" akauliza. "Hapana kutuma tena. Kwanza tutafute ile ya kwanza ilifika wapi."

Akamwita mvuvi aliyeuchukua ujumbe, akamuuliza taratibu: aliondoka nao? Alifika nao? Alimpa nani?

"Nilimupa Baba Hawa," mvuvi akajibu. "Alishukuru sana, akasema harudi."

"Ni mutu wa namna gani?"

"Muzee mufupi, wa kijiji ya Kigwena."

Baba yangu alikuwa mrefu, tena kijana. Hawa ni mimi, mtoto wa kwanza, na mama hakuwahi kumwita mumewe vingine, kwani kwetu mke mwenye adabu hakutaja jina la mume. Kumbe huko Kigoma kulikuwa na baba wa Hawa mwingine, ameutii ujumbe wetu kwa moyo mweupe, huku baba yangu akitafuta mtumbwi wa kurudi.

"Taja jina yake, mama," Bibi akasema kwa upole.

Mama akainama, akalitia jina lile katika sikio la mvuvi. Mimi niliona midomo tu. Alikuwa amevumilia yote bila chozi, sasa akalia kwa neno moja dogo. Nilistaajabu, mwanangu. Neno hilo lingepita maji yote yale na kumtafuta mtu mmoja katika umati wa wakimbizi!

Mvuvi aliporudi alitukuta palepale kwa Bibi.

"Amesikia," akasema. "Muguu mumoja ulishaingia mu mutumbwi. Ameutoa."

Sasa wewe. Jana barua pepe yako iliingia mara tatu katika orodha ya ukoo, inayomfikia kila mmoja wetu, ya mwisho ikiwa na hasira kwamba tumekudharau, na ndani yake umeanika shida za dada yako mbele ya wajomba wote. Nakupenda, ndiyo maana nakugombeza. Neno lako lisipojibiwa, usilirushe tena na tena. Uliza limekwama wapi, kisha tazama umeliandikia anwani ya nani. La mtu mmoja mpe mtu mmoja. Na aliyekaa kimya usimhukumu, huenda hajalipata.

Mungu ayafikishe maneno yako kwa uliyemkusudia, mwanangu, na upande wa pili asikose kuwepo mtu anayeyangoja.