Waya wa Breki

Baiskeli ikifunga breki ghafla, ule mlio wa mpira kusugua rimu hunirudisha Kinjumbi, kijijini kwetu, kabla sijageuka kutazama ni nani. Mimi ni mtu mzima sasa, nafundisha watoto wa watu, lakini nikiusikia tu vidole vinaanza kugonga meza vyenyewe.

Kutotulia nimezaliwa nako. Mama alikuwa na neno moja kwangu toka alfajiri mpaka tunalala: tulia. Nikila, tulia. Nikisukwa nywele, tulia, umekalia siafu? Shuleni nako hakukuwa na nafuu. Kidato cha pili kilipokuwa kinaisha, Madam Rehema, aliyetufundisha fizikia, aliniita akanionyesha alama zangu, na zilikuwa za kutia huruma. Kanuni sikuzishika, maana kukaa chini nizikariri kulinishinda. Akasema nikitaka kuendelea na fizikia kidato cha tatu, nikitoka likizo nimletee kitu nilichokitengeneza mwenyewe na nieleze kinavyofanya kazi. La sivyo, niliache hilo somo. Niliogopa kweli, kwa sababu lilikuwa somo pekee lililonifanya nisahau kengele ya kwenda nyumbani.

Nikachagua gitaa la umeme. Msiniulize kwa nini sikuchagua taa ndogo ya betri kama watoto wenye akili zao. Nilikuwa nimesikia gitaa likilia kwenye spika harusini, mwili ukanisisimka, na tangu hapo nikawa nalitafuta kila mahali.

Likizo ile nyumba iligeuka jalala. Ubao niliuomba kwa seremala. Sumaku niliing'oa kwenye spika iliyokufa, nikasimamisha misumari juu yake. Waya wa shaba, ule mwembamba kama unywele, niliufungua kwenye redio mbovu nikauzungusha kwenye misumari hiyo. Ulikatika, nikaunga, ukakatika tena, nikalia, nikaunga. Nyuzi ndizo hazikuniumiza kichwa. Kwetu ukisema uzi wenye nguvu, watu wanajua ni mshipi wa kuvulia samaki, na Mjomba Saidi, kaka yake mama, alinikatia wa nailoni, mzuri, unaomtosha jodari.

Ukiweka sikio kwenye ubao lilikuwa linaimba. Nikalichomeka kwenye sabufa ya mjomba, majirani wamejaa mlangoni. Kimya. Nikapiga kwa nguvu mpaka kidole kikachubuka. Kimya.

“Labda linataka chambo,” mjomba akasema, na watu wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Shule ilikuwa karibu kufunguliwa. Kesho yake nikakimbia hadi nyumbani kwa Madam, hata shikamoo nikaitoa nikihema. Akaichukua sumaku, akaigusisha kwenye mshipi.

“Inaushika?”

“Haiushiki, Madam.”

“Basi haina habari nao. Inataka chuma. Na chuma chenyewe kisitulie. Kikitulia pale juu ya sumaku hupati kitu. Kikitikisika, ndipo umeme unapozaliwa kwenye ule waya wako wa shaba.”

Sikuwahi kumsikia mtu mzima akisema kitu kisitulie. Nilirudi nyumbani mbio, furaha imenijaa.

Mama alikuwa uani anapara samaki. Wanawake wa kijijini kwetu waliopanda baiskeli walikuwa wachache, naye alikuwa mmoja wao, akikaanga samaki na kuwapeleka vijiji vya ndani. Nikamwambia nataka chuma chembamba, tena kisichotulia.

“Kisichotulia humu ndani ni wewe tu,” akanijibu.

Nikaendelea kumzungukia. Waya wa kufungia nondo nimeujaribu, unalegea. Ndani ya waya wa breki, nikamwambia, mna nyuzi nyingi za chuma kigumu zimesokotwa pamoja. Akaendelea na magamba yake. Asubuhi nilipoamka nikakuta waya wa breki pekee ya baiskeli yake umelazwa juu ya gitaa.

“Breki za nini?” akasema, akifunga tenga nyuma ya baiskeli. “Kwenye mteremko nashuka naisukuma.”

Nikausokotoa, nikavuta nyuzi tatu, nikachomeka. Sabufa ikapiga ukelele, mjomba akamwaga chai yake. Na darasani, mbele ya Madam, nilieleza yote bila kukariri hata neno. Fizikia sikuiacha tena.

Mwaka ule kandambili za mama zilikuwa zikiisha upande wa kulia tu, soli inalika katikati mpaka inatoboka. Akinunua nyingine, vilevile. Nilimtania kwamba mguu wake wa kulia una meno, naye alicheka sana.

Juzi nilikwenda kumwona, nikashuka ule mteremko wake kwa bodaboda. Ni mkali, kokoto tupu. Mbele yetu kijana alikuwa akishuka kwa baiskeli isiyo na breki, amekandamiza gurudumu kwa mguu wa kulia, kandambili inatoa vumbi. Kumbe mama hakuwa akiisukuma. Mwaka mzima alikuwa akishuka pale na tenga la samaki, breki yake ni unyayo.

Nilifika nina maneno mengi na sikujua nianze na lipi. Nikawa nazunguka uani, nashika hiki, naacha kile.

“We mtoto, tulia,” mama akasema. “Kaa, chai inapoa.”

Nikakaa chini, karibu na miguu yake.