Ubao Alioachiwa Akiror

Kwa miaka kumi na mmoja Akiror Emuron amewapikia chai madereva wa malori kwenye foleni ya mpakani Malaba, na kwa miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumwambia, kaa tucheze. Drafti huchezwa hatua tatu tu kutoka jikoni kwake. Vifuniko vya soda wanavyochezea, vyekundu upande mmoja na vya kijani upande wa pili, ni yeye anayevikusanya na kuviosha. Anapomimina chai huutazama ubao kidogo, kisha husogea kwa mteja mwingine. Sidhani kuna mtu kwenye foleni hiyo aliyeona michezo mingi kuliko yeye.

Mara moja aliomba aandikwe kwenye mashindano ya Jumamosi, wakati madereva wa Kenya wanapokutana na wale wa Uganda. Egesa, karani wa mizigo ambaye ndiye mwenye daftari, alimjibu bila kuinua macho: "Mama, hii ni ya madereva." Egesa mwenyewe hajui kuendesha lori. Fundi wa magurudumu yumo daftarini. Kinyozi mmoja kutoka Burumba naye yumo.

Jumamosi moja Okiria, dereva wa upande wetu wa Kenya, alikuwa anacheza na Wabwire wa Uganda, na alikuwa anapigwa vibaya. Alikuwa amebakiwa na vifuniko vitatu, Wabwire ana sita. Ghafla foleni ikasonga. Hapo dereva hana la kusema. Asiposogeza lori, la nyuma linachukua nafasi yake na huenda akalala hapo siku mbili zaidi. Okiria akakimbilia gari lake.

Kwa mambo kama hayo foleni ina desturi inayoitwa kurithi ubao. Mtu mwingine huketi mahali pa aliyeondoka, humaliza mchezo, na matokeo huandikwa kwa jina la mrithi, yawe mazuri au mabaya. Egesa akawageukia wanaume. Mathews akakumbuka ana simu ya kupiga. Willis akasema mgongo unamuuma. Nani angetaka kuandikiwa kipigo cha mwenzake?

"Si Mama Chai yuko?" mtu akasema, wakacheka.

"Eeh, mama, kuja umalizie," Egesa akasema. "Hii imeshakufa. Wewe unazika tu."

Akiror akafuta mikono kwa leso, akaketi.

"Pole, nyabo," Wabwire akamwambia kwa upole, akimwita bibi kwa Kiganda. "Nitafanya haraka."

Akiror akauinamia ubao, mpaka Willis akaguna. "Mama, unaomba ama unacheza?"

Katika drafti, ukiwekewa cha kula lazima ule. Akiror akasukuma kifuniko kimoja mbele ya Wabwire. Wabwire akala. Akasukuma cha pili.

"Anamlisha!" Mathews akapaza sauti; simu yake ilikuwa imekwisha upesi. "Amezoea kulisha watu!"

Wabwire akala tena, kwa kuwa hakuwa na hiari, na baada ya kula ndipo alipoona kwamba vifuniko vilivyokuwa vinalinda mstari wake wa nyuma vimevutwa mbali. Cha mwisho cha Akiror kikapita, kikafika kona, kikawa kingi, yaani mfalme wa ubao.

Kingi huruka ubao mzima. Kabla Wabwire hajajipanga, vifuniko vyake vitatu vilikuwa vimeliwa. Vitatu vilivyobaki vikafika mwisho, navyo vikawa kingi, vikaanza kumwinda. Akiror akakaa kwenye mstari mrefu unaokatiza ubao kutoka kona hadi kona. Anayeushika mstari huo hanaswi. Hilo hakufundishwa na mtu. Alilijua kwa kuwatazama wanaume wakiuacha, mwaka baada ya mwaka, huku birika likimchoma mkono. Akaenda, akarudi. Akaenda, akarudi. Wabwire akahesabu mwenyewe kwa sauti hatua kumi na tano ambazo sheria humpa anayewinda, kisha akanyoosha mkono.

"Sare. Nyabo, umenitoa jasho."

Egesa akaandika: Okiria, sare.

Akiror aliona. "Umeandika nani?"

"Ubao ulikuwa wa Okiria, mama. Wewe umesaidia tu."

"Na ningepigwa, ungeandika nani?"

Kipigo kilikuwa tayari kimetafutiwa mwenyewe, na mwenyewe alikuwa mwanamke wa chai. Sare ndiyo iliyoonekana ni kubwa mno kwake.

Okiria akarudi akijipangusa vumbi, na wakampigia makofi yeye. "Hiyo njia nilikuwa nimeshaiona," akasema. "Nilikosa muda tu."

Akiror akavipanga vifuniko upya, vitatu na sita, kila kimoja mahali alipokikuta. "Foleni imesimama," akamwambia. "Muda unao. Kaa."

Okiria akacheka, akamtazama Egesa kama anayeomba kuokolewa, kisha akaketi. Wabwire akakubali kurudia. Okiria hakulisha kitu. Alikimbiza kile cha pembeni moja kwa moja kuelekea kona, na kufikia hatua ya tano hakuwa na kitu ubaoni. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Boss," Okiria akamwambia Egesa kwa sauti ya chini, "andika huyu mama."

Egesa akakata jina la Okiria, akaandika: Mama Chai.

"Ndivyo nilivyobatizwa?" Akiror akauliza.

"Sasa mama, si watu wote wanakujua hivyo?"

Egesa amekunywa chai ya mkono ule asubuhi na jioni kwa miaka kumi na mmoja, na sasa ilimbidi amuulize jina lake. Akiror akamtajia majina yake yote mawili, akamsimamia mpaka kalamu ikamaliza.

"Na Jumamosi ijayo," akasema. "Niandike sasa hivi, nikiona."