Bahari Sebuleni Kwetu

Wiki iliyopita nilimpeleka baba kliniki, hapa hapa Dodoma, tukakaa kwenye benchi la kusubiri karibu saa mbili. Mbele yetu, juu ya meza, kulikuwa na tangi la kioo lenye samaki. Pampu yake ilikuwa inanguruma chini chini bila kupumzika, na mimi nikajikuta nimeushika mkono wa baba kwa nguvu, kama mtoto anayevushwa barabara. Baba siku hizi anasahau. Jina langu humtoka. Leo ananiita kwa jina la dada yake, kesho ananiita mama. Alilitazama tangi lile tu. Mimi ndiye niliyekuwa na la kusema, na ninalo kifuani, jambo la nilipokuwa na miaka kumi na mmoja.

Ngoja nikueleze vizuri, maana ukisikia nusu utaniona mwendawazimu. Sisi tuliwahi kuwa na bahari ndani ya nyumba. Hapa Dodoma, ndiyo! Mtaa wa Majengo, nyumba ya vyumba vinne na ua, pwani iko huko mwendo wa treni wa usiku kucha. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka yaliyokuwa matupu sasa yalijaa redio na sabuni za kunukia, mama yangu alikuwa na meza yake ya mitumba sokoni, na baba, fundi wa friji kwenye shirika moja la umma, alikuwa amepunguzwa kazini pamoja na karakana yote. Alikuwa analala chali kutwa nzima anatazama dari. Ukimsalimia shikamoo baba, marahaba yake inachelewa.

Tangi lilitoka kwa mtaalamu mmoja wa kigeni ambaye baba alikuwa akimtengenezea friji. Mkataba wake ulipokwisha, akamwambia baba achukue vyote: kioo, taa, pampu, mawe, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe. Wiki nzima akamfundisha, baba akiandika kwenye daftari. Likaja nyumbani juu ya mkokoteni, watu wanne wamelishikilia, maji yake nyuma kwenye madumu. Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Wenzako wakipunguzwa kazi wanafuga kuku," alisema. "Wewe, baba watoto, umeniletea pambo."

Bibi, mzaa baba, alizaliwa Pangani, akaletwa huku bara akiwa mwari, kuolewa kwenye ukoo wa watu waliokuja zamani na misafara ya biashara. Tangu hapo kwao alikuwa amerudi mara mbili tu, zote za msiba. Alivuta kigoda mpaka mbele ya kioo, akajitanda kanga vizuri kana kwamba kaingia mgeni, akakaa. Yale mawe aliyajua, ni matumbawe. Hata lile linyama lililochanua kama ua juu ya jiwe alilijua. "Hilo kwetu ukilikanyaga linakuwasha mpaka jioni," alisema, akacheka peke yake. Kisha akatuhadithia jinsi wanawake wa kwao wanavyoshuka mwambani maji yakipwa, na vijiti vyao, kuchokoa pweza mashimoni. Alitusimulia hadi ugali ukapoa na mlenda ukaganda bakulini.

Basi mtaa mzima ukahamia kwetu. Watoto walitoka madrasa na juzuu zao mkononi, moja kwa moja dirishani. Wale samaki tuliwaita Bwana Harusi na Bi Harusi, maana walikuwa hawaachani, na kila jioni waliingia kulala ndani ya lile ua. Jirani yetu, mama wa Kirangi kutoka Kondoa aliyekuwa anauza karanga, aliinama, akawatazama kwa makini, akauliza kwa adabu zote, "Sasa hawa mnawala lini?" Bibi hakumsemesha siku mbili.

Lakini wa kutazamwa alikuwa baba. Aliamka alfajiri. Alinyoa ndevu. Dagaa wa kuwalisha samaki aliwatwanga mwenyewe kinuni, laini kama unga wa uji. Kipimo cha chumvi alichoachiwa kilivunjika mwezi wa kwanza, na cha kununua hakikuwepo. Kuanzia hapo kipimo kikawa ulimi wake. Kila asubuhi alichovya kidole, akalamba, akafumba macho, akasema "iko sawa," na sisi ndipo tukapewa chai.

Usidhani ilikuwa raha mfululizo. Mawe yaliota utando wa kijani kama choo cha shule. Konokono waliokuja na yale mawe walikufa wote siku moja, nyumba ikanuka wiki nzima na mama akanuna wiki mbili. Mara kwa mara ilibidi baba aende Dar es Salaam kuchota maji ya bahari, na kwenye treni akawa kichekesho. Mkagua tiketi anauliza, umebeba nini? Maji. Maji ya wapi? Ya bahari. Unayapeleka wapi? Dodoma. Behewa zima linaangua kicheko. Ila Jumapili moja tuliona tumbawe jipya limechipua pembeni mwa jiwe, dogo kama punje ya mtama, na baba akatuita wote kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu apunguzwe kazini. Hata mama aliacha kukunja mashati yake, akaja kuona.

Halafu mvua zikagoma. Mtera, bwawa la kufulia umeme, ikapungua maji, redio ikawa inatangaza kina chake kila siku, na umeme ukaingia kwenye mgao. Asubuhi unakatika, unarudi jua linazama. Pampu ikinyamaza, samaki hawana hewa. Baba akatufundisha: chota maji kwa kata, inua juu, mwaga yarudi tangini yakitoa povu. Chota, inua, mwaga. Tulipokezana, mimi na bibi na yeyote aliyepita, mpaka mabega yanawaka. Na kwa kuwa visima vya mji vinasukumwa kwa umeme huohuo, mabomba nayo yakakauka. Uani kulikuwa na pipa la maji ya mvua lililokuwa limefunikwa vizuri, la baba, la tangi. Tukaanza kulinywa sisi. Ungefanyaje? Kiu haina adabu.

Katikati ya balaa hilo baba akaitwa Dar kwenye kazi, kampuni mpya ya friji. Siku nne tu, alisema. Akachora alama kwenye kioo kwa rangi nyekundu ya kucha ya mama, akaniinamia. "Umeme ukikatika, chota. Maji yakishuka chini ya alama, jaza. Nakutegemea wewe, mwanangu." Jaza kwa maji gani, hakusema. Siku zote alijaza mwenyewe kutoka kwenye lile pipa, na mimi sikuwahi kujiuliza.

Siku nne zikawa wiki tatu. Huko kazini walikuwa wakimwambia njoo kesho, njoo Jumatatu. Huku upepo wa kiangazi ulikuwa unavuma kutwa na vumbi lake, na maji ya tangi yakawa yanashuka kama yananyonywa. Nikaona alama nyekundu iko juu, maji yako chini. Pipa tupu. Bomba likifunguliwa linakoroma tu. Nikamkimbilia bibi.

Bibi akatazama. "Yamekupwa," alisema. Chini ya kitanda cha baba kulikuwa na madumu manne ya maji ya bahari. Nikamuuliza kama hayo yanafaa. "Mjukuu wangu, samaki wa bahari utampa maji ya kisima? Mpe ya kwao."

Nikajaza. Oh, nilivyojisikia mtu! Yakashuka tena, nikajaza tena, mpaka dumu la mwisho.

Lile ua ndilo lililotangulia, likajikunja likawa kama soksi iliyolowa. Tumbawe letu la punje ya mtama likageuka jeupe. Bi Harusi akawa anaelea ubavu ubavu karibu na kioo, anahema. Mimi nikaamini ni hewa, basi nikachota. Nilitoroka shule nikachota. Viganja vilichubuka, bibi akanifunga matambara, akashika kata yeye huku akisoma dua zote anazozijua. Mama alikuwa akirudi sokoni anatukuta hivyo, anaweka furushi chini, anapokea kata. Sijawahi kufanya kazi kwa nguvu kama ile, na kila siku hali ilikuwa mbaya kuliko jana. Bwana Harusi alifuata siku mbili baada ya mkewe.

Baba alirudi kwa treni ya asubuhi, kazi hakupata, begani ana dumu jipya la maji ya bahari. Hakuna aliyemwambia; aliona. Akasogea, akachovya kidole, akalamba. Alifumba macho kwa muda mrefu. Alipoyafumbua akayatazama madumu manne matupu ukutani, kisha akanitazama mimi na matambara yangu mikononi.

"Ni umeme," alisema. "Mtera imekauka. Tungefanya nini?"

Nilipumua. Ninaona aibu kukuambia, lakini nilipumua. Baba akarudi kitandani kwake kutazama dari, na safari hii hakuinuka mpaka mvua za mwaka uliofuata. Tangi mama akaligeuza kabati la maandazi.

Nilipofika kidato cha pili, mwalimu wa sayansi alichemsha maji ya chumvi kwenye kopo mpaka yakaisha, akatuonyesha vumbi jeupe lililobaki chini. Maji hupanda hewani, alisema, chumvi haiendi popote. Wenzangu waliandika. Mimi niliweka kalamu chini. Maji ya tangi letu yalikuwa yakipaa na upepo, chumvi inabaki, na mimi naongeza chumvi nyingine juu yake, dumu baada ya dumu. Mgao haukuwaua samaki wa baba. Niliwaua mimi.

Sikusema. Kila likizo nilikuja na maneno yangu tayari, na kila likizo mgeni mmoja angeuliza habari za lile tangi, baba angejibu, "Ah, ule mgao!" na mimi ningeyameza. Bibi alifariki bila kujua, na nikabaki nalo peke yangu. Nyumba ya Majengo imebomolewa, pana gesti ya ghorofa mbili sasa. Wale watoto wa dirishani ni watu wazima, wengine wana mvi. Ladha ya maji ya mvua ya pipa lile, yenye harufu kidogo ya bati, sijaipata tena popote.

Pale kliniki nikaona, leo au basi. Nikasema, "Baba, wale samaki ni mimi." Hakugeuka. Nilikuwa nimechelewa, aliyepaswa kunisamehe alikuwa ameshaondoka, amebaki huyu mzee mpole ambaye hata jina langu halijui.

Mhudumu akaja na jagi, akaongeza maji kwenye tangi. Baba akainuka kabla sijamzuia, akachovya kidole, akalamba, akafumba macho.

"Haya hayana chumvi," alisema, akakaa. Akaongeza, "Mtoto wangu aliwahi kujaza ya dumu. Nilionja, yakanichoma ulimi."

Nikamuuliza, "Ukamwambia?"

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Nimwambie nini? Alichota mpaka mikono ikatoka damu." Kisha akanisogelea, akashusha sauti. "Na wewe, mama, nakuomba usimwambie. Yule mtoto ana huruma sana. Atalia."

Nikamwambia sitamwambia.