Santuri ya Nne ya Eldrid

Binamu yangu Eldrid ni mwimbaji wa jazi, mimi ni mfuga mbuzi, na bonde zima linajua nani kati yetu ana kazi ya maana. Santuri yake ya kwanza aliimba Kiingereza, tarumbeta na ngoma zikimkimbiza. Nikasema kelele tupu. Ya pili aliimba kwa lugha yetu ya hapa bondeni, na piano peke yake. Hiyo niliisikiliza nikipika jibini ya kahawia ya maziwa ya mbuzi, jibini ikaungua, wala sikujali. Ya tatu maneno yaliisha kabisa. Ilibaki sauti tu, ikipanda, ikipanda, mpaka vinyweleo vikanisimama, nikajiuliza kama huyu ndiye yule niliyekuwa nikioga naye mtoni.

Halafu madaktari wakampasua shingo kwa ajili ya tezi. Alipona, lakini sauti yote ya juu ikaenda zake. Kiangazi akaja kwangu malishoni, huku mlimani, pamoja na Jostein, fundi wa kurekodi kutoka Oslo, kujaribu santuri ya nne. Aliniambia waziwazi kwamba ikishindikana, anaacha kuimba.

Wiki nzima ilishindikana. Akipanda kidogo tu sauti inakatika, anavaa koti, anatoka. Jostein akaona mchawi ni kengele za mbuzi wangu, eti zinaingia kwenye vinasa sauti. Akaniomba nizivue. Na mimi, kwa kumhurumia Eldrid, nikazivua zote. Mtu gani mwenye akili zake anamvua mbuzi kengele mlimani?

Alasiri ukungu ukashuka. Saa ya kukamua ikafika, hakuna mbuzi, na upande wa kaskazini kuna jabali la kuvunja shingo. Nikapiga mwito wetu wa kuita mbuzi, ule wa juu tuliofundishwa na bibi. Sauti ya koo langu la tumbaku haikufika hata kwenye uzio. Nikamtukana Jostein vya kutosha, kisha nikamgeukia Eldrid.

“Waite wewe.”

“Sina sauti, dada. Unajua.”

“Sikuombi santuri. Nakuomba mbuzi wangu.”

Akaita. Mwito ukavunjika katikati. Nilidhani ataingia ndani, lakini aliinamisha kichwa akauanza upya huko chini, chini kabisa, kwa sauti nzito yenye mikwaruzo ambayo sijapata kuisikia kwake wala kwa mtu yeyote. Niliisikia mbavuni. Niliogopa, nasema kweli, na nilitaka isikome.

Mbuzi wakatoka ukunguni mmoja mmoja, kimya, jike kiongozi mbele. Walimwendea yeye, si mimi niliyekuwa na chumvi ya kuwalambisha mfukoni. Eldrid hakunyamaza mpaka wa mwisho alipofika, na machozi yalikuwa yakimtiririka.

Jostein alikuwa amesimama mlangoni, vipokea sauti vyake masikioni. Kumbe hakuwa amezima mitambo. Akauliza kwa upole kama tunaweza kurudia, maana kuna mtu amesikika akilia karibu na kinasa sauti.

“Huyo ni mimi,” nikasema.

“Mwache alie,” Eldrid akamwambia, mkono wake juu ya shingo ya mbuzi. “Huo ndio wimbo wa kwanza, umeshakwisha. Kesho asubuhi tunaanza wa pili.”