Tairi Mbili za Kidawa

Walipomwondoa Kidawa binti Likwata kwenye halmashauri ya kijiji, walieneza kwamba ni mwanamke mkali asiyejua utani. Nilifundisha shule ya pale kwa miaka mingi, na nasema huo ni uongo. Kidawa aliujua utani kuliko wote waliomcheka, na ndiyo maana alikasirika.

Kijiji chetu kilikuwa bara kidogo ya Kiswere. Wakazi wake walikuwa Wamwera, walioondolewa kwenye mashamba yao wakati wa operesheni ya vijiji vya ujamaa na kupangwa kwenye mistari iliyonyooka. Waliahidiwa zahanati. Haikuja. Walichopata ni Landrova kuukuu iliyoachwa na shamba la mkonge, na dereva wake, Huseni, ndiye aliyepeleka wagonjwa hospitali. Mwaka ule tairi zake zote zilikuwa vipara, na ringi za nyuma zilikuwa zimepinda hata zikawa zinatafuna mipira ya ndani. Masika yakianza kwenye udongo ule mweusi, gari lisingefika popote.

Fedha zilitoka kwa wanawake, mauzo ya ufuta wa shamba lao la pamoja. Hazikutosha tairi nne mpya. Wakamtuma Kidawa kwenda Lindi kununua, pamoja na Huseni na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Abilahi. Dukani mwenyekiti alizipenda tairi nne zilizokwisha tumika, zimepakwa rangi nyeusi zikang'aa. Kwa bei ileile zilikuwapo mbili mpya, zenye kashata nene za kushika matope, pamoja na ringi zake. Abilahi alishikilia kwamba gari lenye tairi nne zinazofanana lina heshima mbele ya wageni. Kidawa akapitisha kidole ubavuni mwa zile zilizong'aa. Rangi ikabaki kidoleni, nyufa zikaonekana.

"Mgonjwa habebwi kwa heshima, mwenyekiti," alimwambia. "Tuchukue mbili mpya, zifungwe nyuma kwenye uzito. Za mbele tutasukumana nazo hivyohivyo."

Abilahi alinuna hadi Mchinga. Walipofika kijijini akawa anazisifu kana kwamba amezichagua yeye.

Hakuishi kuziona zikifanya kazi. Alifariki kabla ya mvua, na kwenye msiba wakaja watani wetu Wamakonde, kama ilivyo desturi. Mtani ana ruhusa yake msibani. Hulala kaburini asitoke, huficha majembe, huchukua kitu cha marehemu na kukishikilia mpaka wafiwa wamkomboe kwa kuku au kwa senti kidogo. Hakuna anayekasirika, maana ndiyo namna ya kuwafuta wafiwa machozi. Safari hii alikuwamo Valentini, afisa wa idara moja huko Kilwa Masoko, kijana msomi mwenye Landrova ya serikali. Alimwagiza dereva wake apige jeki, akafungua magurudumu mawili ya nyuma ya gari letu.

"Kumbe marehemu alikuwa na gari," alisema. "Nyie Wamwera tembeeni kwa miguu, si ndivyo mlivyozoea?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Huseni mwenyewe alisaidia kulegeza nati. Kidawa alikuwa ndani na mjane, na alipotoka alikuta gari limekaa juu ya magogo, Valentini ameshaondoka.

Kuku akapelekwa Masoko. Valentini akampokea, akasema utani bado haujakolea. Akapelekwa mwingine, naye akaliwa. Wakati huo tairi zetu zilikuwa zinazunguka chini ya gari lake.

Hili linaniuma mpaka leo. Angevunja mlango usiku, tungemwita mwizi. Yeye aliiba ndani ya desturi yetu wenyewe, mchana, tukimshangilia, akijua kwamba atakayelalamika ataambiwa hajui utani. Halmashauri ikanyamaza ili isionekane ya watu wenye roho nyembamba. Gari likiwa bado juu ya magogo, maana ringi za zamani hazikufaa tena, Rosalia, mke wa jirani yake Kidawa, akashikwa na uchungu. Walimbeba kwa kitanda kuelekea barabara kuu. Yeye alipona. Mtoto alifia njiani.

Baada ya kumzika mtoto Kidawa hakuomba ruhusa kwa mtu. Alimchukua Huseni, jeki na zile ringi zilizopinda pamoja na tairi zake za vipara, wakapanda lori la korosho hadi Masoko. Gari la Valentini lilikuwa uani kwenye ofisi yake, watu wengi wakisubiri huduma barazani. Huseni akaanza kazi. Valentini akatoka mbio kuuliza nani amewaruhusu kugusa mali ya serikali.

"Ni mimi, mtani wako," alisema Kidawa. "Ulikuja kwetu ukachukua, tukacheka. Leo zamu yangu. Cheka."

"Mama, mambo hayo ya kizamani hayana nafasi ofisini."

"Msibani yalikuwa na nafasi. Mtani huchukua cha marehemu. Abilahi hakuwa na gari, gari ni la kijiji, na tairi hizi ni ufuta wetu sisi wanawake. Mtoto wa Rosalia amekufa, wewe umezikalia. Cheka basi, tukuone."

Hakucheka. Barazani nako hakuna aliyecheka. Walimtazama tu, wakingoja, na mtu aliyeanzisha utani akashindwa kuumaliza hana pa kuweka uso. Akarudi ndani, akafunga mlango. Huseni akazitoa tairi zetu, akamfungia zile zenye ringi zilizopinda.

Masika yote Landrova ilifika hospitali kila ilipotakiwa, na wanawake walirudi na watoto wao. Lakini ujumbe ulitoka Masoko kwamba kijiji kina kiongozi anayehujumu mali ya serikali. Mkutano ukaitishwa. Mikono ya kumwondoa Kidawa ilikuwa mingi, na mingi ilikuwa ya wanaume ambao wake zao walikuwa wamepelekwa salama na gari lile. Akaulizwa kama ana neno.

"Nani atazitunza tairi?" aliuliza.

Wakamwambia Huseni. Akasema haya, akajifunga khanga yake, akatoka. Rosalia aliinuka akamfuata. Mkutano ukaendelea na ajenda iliyofuata, mapokezi ya wageni.