Pasi Aliyoirudisha Hakim

Hakim ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Koboko, mtoto wa mwanajeshi mstaafu wa Ludara, mpole mpaka anaudhi. Ukimkanyaga, yeye ndiye atakayekuambia pole. Jumapili alikuwa beki wa timu yetu. Hapo ndipo mimi, Obitre, golikipa mwenye kimbelembele, nilipomharibia jina.

Mimi sikai golini. Najua, msinifundishe! Mpira ukija mrefu naufuata mbele kwa miguu, watu washangilie. Na kwa kuwa mimi ni Mlugbara wa Adumi na Hakim ni Mkakwa, timu ilikubaliana: uwanjani tunaitana kwa Kiswahili tu. Nikitoka golini napiga kelele "Yangu!" ili beki aniachie.

Fainali ya mwaka jana, sare, zimebaki dakika mbili. Mpira ukaja mrefu. Nikatoka mbio, na kwa papara nikaita kwa Kilugbara. Hakim, asiyejua Kilugbara, bila kugeuka akairudisha pasi ya taratibu golini kama tulivyozoea. Golini hapakuwa na mtu. Mpira ukaingia polepole, jamani, polepole kabisa.

Kocha akaniuliza, "Wewe uliita?"

"Niliita 'Yangu' mara mbili," nikajibu.

Mwongo mkubwa mimi! Hakim akafukuzwa timuni, na mpaka leo sokoni wanamwita muuza mechi. Nami kila wiki nilikwenda kumsalimia, eti rafiki.

Juzi chakula kilinikataa. Nikamfuata karakanani, nikamwambia ukweli. Akavua miwani ya kuchomelea.

"Mimi iko najua. Mimi nilisikia Lugbara yako. Mwaka mzima mimi nangoja wewe. Sasa enda ambia mama. Yeye aliacha kwenda soko juu ya hiyo maneno."

Mama yake, jina lake Afisa, alikuwa nyuma ya nyumba akipepeta mtama. Aliponiona akaweka ungo chini, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Obitre, mtoto yangu, karibu. Marafiki yote ya Hakim ilikimbia. Wewe peke yako iko mutu. Mungu abariki wewe."

Nikamweleza yote, mkono wangu ukiwa bado mikononi mwake. Akauachia.

"Mama yako kule Adumi," akauliza, "yeye iko najua hii?"