Pampu ya Joto na Mlango wa Binti Yangu

Tulipokuwa tumepanga Alby, huku Uswidi, joto lilikuwa ndani ya kodi. Nilitembea na leso na fulana Januari nzima bila kumshukuru mtu. Kisha tukanunua kijumba chetu Norsborg, chenye hita kuukuu za stima, moja chini ya kila dirisha. Bili ya kwanza ya msimu wa baridi ilipofika, mume wangu aliisoma akiwa amesimama, halafu akaketi akaisoma tena.

Nikamwambia hili aniachie mimi. Nikauliza kazini, nikauliza kanisani, kila mtu akawa profesa. Mmoja alinishauri tuchimbe mwamba tuvute joto la chini. Kwa ua wetu mdogo mashine ya kuchimba haingegeuka, na bei yake wacha tu. Mwingine alinisifia hita mpya zenye mafuta ndani yanayochemshwa kwa stima, ambazo zinakula stima ileile, ila zina sura nzuri. Mwishowe nikamwita fundi wa pampu ya joto: mashine moja inakaa nje, nyingine ukutani sebuleni, inakamua joto hata kwenye hewa ya baridi, na stima inayokula ni kidogo. Nilimhoji fundi mpaka akaomba maji. Alinipa sharti moja tu, kwamba joto lile halipenyi kuta, kwa hiyo milango ya ndani ibaki wazi. Akauliza kama huwa tunaifunga.

Nikamjibu kwetu milango haifungwi, na sikupepesa macho. Binti yetu wa miaka kumi na sita alikuwa juu chumbani, amejifungia kama kawaida yake.

Nitasema ukweli, sharti lile lilinifurahisha. Mlango ule ulikuwa umenikera mwaka mzima. Anatoka shule, salamu nusu, ngazi, kisha kishindo. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiswidi, neno moja au mawili. Niliogopa nampoteza, na sikujua nimemkosea nini. Nikaona basi baridi itamshusha.

Pampu ikafungwa ukutani, nami nikazima hita zote, hata ya chumbani kwake. Sebule ikawa tamu, mume wangu akavua soksi. Juu, mlango haukufunguka. Siku ya kwanza, ya pili, wiki nzima. Mume wangu akaniomba tumwashie mtoto ile hita, nikasema ng'o, atashuka mwenyewe.

Jumamosi asubuhi nikapanda nikiwa nimechemka, nikausukuma mlango. Nilimkuta kitandani na koti na kofia, vidole baridi kama samaki wa friji. Nikaanza kumfokea: una kichwa ngumu, kufungua mlango tu kunakushinda, unataka kutuaibisha. Akaningoja nimalize. Kisha akanijibu kwa Kiswahili.

"Mama, mimi nasikia Kiswahili. Ukiongea na anti kwa simu, nasikia yote."

Kila jioni nikipika, nilikuwa naweka simu kwenye spika namsimulia dada yangu aliye Nakuru: huyu mtoto mvivu, huyu hana adabu, huyu Kiswahili hajui, huyu si wetu tena. Ngazi inaanzia palepale jikoni. Nilidhani anaelewa maneno mawili matatu tu, na Kiswahili cha simuni kinanificha.

"Pole," nikamwambia.

"Pole ni ya mtu ameanguka, mama. Mimi sijaanguka."

Na huyu ndiye niliyemtangaza kwamba hajui Kiswahili! Nikatafuta neno lingine. Nililijua, ila mama yangu hakuwahi kuniambia neno hilo, wala sikumsikia mzazi yeyote nilikokulia akimwambia mtoto wake. Nikainama kwanza nikawasha hita yake, nipate cha kufanya na mikono. Kisha nikasema, "Nisamehe." Sauti ilinitoka ndogo, ya mtu anayeongea na ukuta.

Akasema hajasikia. Nikageuka, nikarudia kwa sauti ile kubwa niliyokuwa naongea nayo na dada yangu jikoni.